Majukwaa Mawili, Uwanja Mmoja

Ninyi vijana niliowaachia nyaya na maspika hamjaniacha nipumue tangu siku mliponikatia keki. Mnataka niwaandikie niliyojifunza kazini, na meneja wetu Bwana Prosper ameshatangaza kwamba atayaingiza kwenye mwongozo wa wafanyakazi wapya, baada ya kuyapitia. Kwa hiyo nawatumia ninyi kwanza, kabla hayajapitiwa. Nipo nyumbani Nyahanga, miguu juu ya kigoda, chai pembeni, na hakuna mtu wa kuninong'oneza nyuma ya pazia kwamba mgeni wa heshima bado yupo njiani. Someni haraka.

Kwa mgeni atakayeyaokota maandishi haya, mimi ni Mama Kulwa, na kazi yangu ilikuwa msimamizi wa jukwaa. Shirika letu lilichukua watu wenye mawazo makubwa likawapeleka kuyasema mbele ya watu wenye shida kubwa. Tulizunguka Shinyanga, Kahama, Bukombe, Geita, mpaka Chato kule ziwani. Mzungumzaji alipanda, akaeleza jinsi dunia itakavyoachana na njaa, maradhi na umaskini, akapigiwa makofi, akashuka, tukampa maji ya chupa na kumrudisha hotelini. Dunia ilibaki palepale, ila ilikuwa imepigwa picha nzuri. Mimi nilihakikisha kwamba maiki inasikika, zulia limenyooka, zipu ya mzungumzaji imefungwa, na kwamba anashuka watazamaji wakiwa bado wapo. Hilo la mwisho ndilo lililonitoa jasho miaka yote.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa ukumbini Shinyanga mjini, na mada ilikuwa njaa. Nilipewa kibao chenye neno MALIZIA, nikaambiwa nimwonyeshe mzungumzaji muda wake ukiisha. Nilimwonyesha. Alikitazama, akatabasamu, akanipungia mkono, akaendelea. Nilimwonyesha tena, akadhani namshangilia. Nyuma ya ukumbi pilau ilikuwa imeshaiva, harufu imeingia kwa kila dirisha, na watu waliotoka vijijini alfajiri bila kutia kitu tumboni walikuwa wanasikilizishwa habari za njaa huku udenda unawatoka. Mzungumzaji aliposema, "Hebu fumba macho, uione njaa," mzee mmoja mstari wa mbele alijibu kwa sauti, "Baba, mimi hata nikifumbua naiona."

Aliyeniokoa siku ile ni Mzee Nkwabi, fundi wetu wa mitambo. Alinyanyuka taratibu, akatoka nje, na mara umeme ukakatika. Watu waliguna kwa huruma, mzungumzaji akashuka, pilau ikaliwa. Baadaye nilimkuta Nkwabi ameketi juu ya jenereta akichokonoa meno. "Mgao," aliniambia. "Nchi hii hakuna mtu anayeuliza maswali kuhusu mgao." Kuanzia hapo, kila mzungumzaji aliyepitiliza alikutwa na mgao wa Nkwabi, na uongozi ukawa unaandika barua kila mara kulalamikia ubovu wa jenereta. Jenereta lilikuwa zima kuliko sisi wote.

Nkwabi alikuwa amefunga spika kwenye mikutano ya siasa, misiba, harusi na ngoma kabla ya kuja kwetu, na kila nilichojua kuhusu umati nilikitoa kwake. Alinifundisha kutojaribu maiki kwa kuhesabu moja mbili tatu. "Wasalimie," alisema. "Waambie mwangaluka. Wakiitikia mpaka nyuma, maiki ipo sawa, na wewe umeshakuwa mtu wa hapa." Alinifundisha pia kwamba huku kwetu nyuso za watazamaji hazina habari yoyote. Wasukuma wana adabu, watampigia makofi hata mtu anayewatukana, mradi amevaa vizuri. "Tazama miguu," alisema. "Uso unakaa kwa heshima, mguu unaondoka kwa ukweli." Nimeifanya kazi hii kwa kutazama miguu, na nawashauri mfanye hivyohivyo.

Mengine ni ya kawaida, nayataja kwa sababu hakuna atakayewaambia. Zulia jekundu la duara, lile ambalo makao makuu hawawezi kupumua bila hilo, vijijini lisitandikwe mapema, kwani watu watavua ndala kabla ya kulikanyaga na mbuzi watalala juu yake, na kumwamsha mbuzi mbele ya mgeni wa heshima kunaharibu utaratibu. Mzungumzaji wa kutoka mbali asipewe ugali wa muhogo na maziwa mtindi asubuhi ya hotuba hata akililia kwamba anataka kuonja utamaduni. Na msimwache kamwe aulizwe maswali kwenye machimbo.

Hilo la machimbo nililiona mwenyewe, mbele kidogo ya Geita, kwenye mwalo ambako akina mama wanaosha mchanga wa dhahabu. Tulimpeleka dada mmoja msomi, mpole kabisa, kuzungumzia madhara ya zebaki. Aliyoyasema yalikuwa kweli tupu. Zebaki inaua, na wale akina mama wanaishika kwa mikono mitupu na watoto mgongoni. Akina mama walisikiliza, kisha mmoja akasimama akauliza, "Tumekuelewa. Tutumie nini badala yake?" Dada akajibu kwamba hatua ya kwanza ni kubadilisha fikra. Yule mama akamtazama vidole. "Na hiyo pete yako, mayu, nayo waliipata kwa fikra?" Nilimtafuta Nkwabi kwa macho, lakini alikuwa anacheka mno hata hakuweza kulifikia jenereta.

Miaka ikaenda hivyo. Nkwabi akazidi kuota mvi, na makao makuu wakatuletea Bwana Prosper, Meneja wa Hamasa na Ubunifu, kijana nadhifu mwenye viatu vyeupe ambavyo mpaka leo sijaelewa anavisafisha saa ngapi. Prosper si mtu mbaya. Ana moyo laini kweli, anaweza kulia kwa picha ya mtoto asiyemjua. Tatizo lake ni kwamba akishalia anaona kazi imekwisha. Yeye ndiye aliyeleta kile alichokiita Siku ya Wazo, na hapo ndipo ninapotaka mnisikilize, maana yaliyobaki yote ni porojo.

Siku ya Wazo ilikuwa hivi. Tunakwenda kijiji kimoja, wazungumzaji wanaeleza mawazo ya kutatua shida moja ya dunia, na wazo litakalowagusa watu wengi zaidi ndilo wafadhili watalitekeleza palepale kijijini. Mwaka ule shida ya dunia ilikuwa vifo vya wajawazito na watoto wachanga. Kijiji kilikuwa mbele ya Didia. Jina lake silitaji, limeshachapwa kwenye mabango ya kutosha.

Nilitangulia siku moja kabla, nikafikia kwa Nesi Milembe, mkunga wa zahanati ya pale, ambaye alikuwa amepewa nafasi fupi kwenye ratiba, sehemu iliyoandikwa "Sauti ya Jamii". Milembe si yule mama mnyonge wa kwenye mabango yetu. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye majivuno, nywele zimesukwa kama anakwenda kuolewa, na ulimi ambao hata mwenyekiti wa kijiji aliuogopa. Baba yake alikuwa manju, kiongozi wa ngoma aliyejulikana mpaka Maswa, na binti alirithi kila kitu isipokuwa uvumilivu.

"Shikamoo Mama Kulwa, karibu, maji ya kunawa sina," ndivyo alivyonipokea.

Hakuwa anatania. Zahanati ile haikuwa na maji. Mwanamke akishikwa na uchungu alibeba ndoo ya maji kichwani kutoka kwao, akaja nayo, na hayo ndiyo aliyozalishiwa. Nje ya ukuta wa zahanati ndoo zilikuwa zimepangwa safu, kila moja na mwenyewe. Milembe alinionyesha chumba cha kujifungulia, kisafi kama sahani, kisha akakaa kitandani na ule ulimi ukapungua makali.

"Kabla ya mvua hizi alikuja Ng'washi," alisema. "Mimba ya kwanza. Uchungu ulimbana njiani akaanguka, ndoo ikamwagika. Akafika na maji ya kikombe. Nilimzalisha kwa hayo. Mtoto alitoka mzima. Mama homa ikampanda, nikampeleka wilayani, akafia huko. Mimi sitaki kugusa mtu, Mama Kulwa. Nataka kisima hapa uani. Kesho nitasema hivyo."

Nililia, siwafichi. Halafu nikakumbuka kwamba kesho yake atakutana na Prosper, nikalia tena kwa sababu nyingine.

Prosper alimfanyia mazoezi asubuhi, kwenye kivuli cha gari. Alimsikiliza mpaka mwisho, akatoa leso, akajifuta macho. "Mama, ni simulizi yenye nguvu sana," alisema. "Ila pale mwisho, usiombe kisima. Kuomba kunakushusha. Sisi hatutaki watu watuone tunaomba, tunataka tuhamasike. Malizia na tumaini."

"Tumaini la nini?" Milembe aliuliza.

"Tumaini kwa ujumla."

"Baba, mimi nazalisha watu. Kwa ujumla sijawahi kumzalisha mtu."

Mshindani wake alikuwa mzungumzaji mkubwa kutoka Dar es Salaam, aliyejiita Kocha Gidi. Wazo lake lilikuwa programu ya simu inayompigia kengele mkunga kumkumbusha anawe mikono. Ilikuwa na rangi nzuri na sauti tamu ya kijito cha maji. Nilimwuliza kwa heshima kama ametembelea zahanati. Akasema anapendelea kuliangalia tatizo kutoka mbali ili asivurugwe na mambo madogomadogo.

Sasa, ratiba. Ndege iliyowaleta wageni ilichelewa kutua Mwanza, na mgeni wa heshima, mama mmoja mtulivu aliyekuja kwa niaba ya wafadhili, alitakiwa kugeuza jioni ileile. Prosper aliangalia saa, akapata wazo. Tuwe na majukwaa mawili kwa wakati mmoja. Jukwaa la Ulimwengu upande wa goli la mashariki, Kocha Gidi na spika kubwa. Jukwaa la Jamii upande wa goli la magharibi, karibu na zahanati, Milembe na spika ndogo. Watu wachague wenyewe pa kusikiliza, kama inavyofanyika kwenye makongamano ya nje.

Nilimfuata nikamwambia, "Bosi, huku ukisimamisha watu wawili uwanja mmoja wakatazamana, umeshatangaza mashindano."

"Mama Kulwa, ni hotuba tu."

"Wao hawajui hivyo."

Alinipiga begani kwa upendo akaenda kuangalia ile kamera yake inayoruka.

Kwa wale ambao hawakukulia huku: baada ya mavuno, makundi mawili ya ngoma, Bagika na Bagalu, hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila moja upande wake. Hakuna jaji wala meza ya jaji. Watazamaji wenyewe wanakwenda upande unaowavutia, wakichoshwa wanahamia wa pili, na siku ikiisha upande wenye watu wengi umeshinda. Manju anayebaki akiliimbia vumbi atachekwa mpaka mavuno yajayo. Wazee wa kijiji kile walipoona spika mbili zinatazamana, hawakuuliza hotuba inahusu nini. Walimwuliza Nkwabi, "Yupi Mgika, yupi Mgalu?" Habari ikasambaa, na waliokuwa wamebaki nyumbani wakatoka. Hata waliokuwa wanachunga wakasogeza ng'ombe karibu.

Kocha Gidi alianza vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Alikuwa na sauti, alikuwa na muziki, na alikuwa na fulana. Alizirusha hewani akipiga kelele, "Nani yuko tayari kubadilika?" Watu wote walikuwa tayari. Uwanja mzima ulimiminikia mashariki, vumbi likatimka, na upande wa Milembe wakabaki wajawazito wa kliniki, ambao hawakuweza kukimbia, na mgeni wa heshima, ambaye adabu ilimbakiza kwenye kiti alichowekewa katikati.

Nilimtazama Milembe. Alikuwa amesimama juu ya zulia letu la duara, maiki mkononi. Alikuwa ameshafika kwenye habari ya Ng'washi na hakuna aliyemsikia. Nkwabi akanisogelea, mkono wake tayari upo kwenye swichi ya upande wa pili. "Niulizie," alisema. "Nimpe mwenzake mgao?"

Nikapanda nikamnong'oneza. Milembe alinigeukia kwa hasira kana kwamba nimemtukania baba.

"Usimzime," alisema. "Nataka nimshinde huku anasikika."

Akaniwekea maiki mkononi, akashuka, akakunja kanga kiunoni, akaelekea zahanati.

Mimi nikabaki juu ya zulia. Nikasema mwangaluka, salamu ya asubuhi, ingawa ilikuwa alasiri, na wajawazito wakaitikia kwa kunihurumia. Kisha nikasikia wimbo. Walitokea nyuma ya zahanati, akina mama wa kliniki waliokuwa bado na nguvu, mama zao na wifi zao, Milembe mbele, kila mmoja na ndoo yake kichwani. Hawakutembea, walikuja kwa mwendo wa ngoma, ule wa mabega, ndoo imetulia kichwani na mwili wote unacheza chini yake. Wimbo Milembe aliutunga palepale, kwa Kisukuma, na wenzake wakauitikia. Ulisema Ng'washi alikuja na ndoo, njia ikainywa. Nasi tunakuja na zetu. Mwenye maji atutue.

Nikatazama miguu. Kwanza iligeuka ya wazee, wanaoijua sauti ya manju hata wakiwa usingizini. Ikafuata ya wanawake, halafu uwanja wote ukainama upande wetu, watu wanakimbia huku wamevaa fulana za Kocha. Mama yake Ng'washi alikuwa kwenye umati. Alipolisikia jina la mwanawe aliacha kukimbia, akapiga yowe moja, akaingia kwenye mstari bila ndoo, mikono imeinuliwa kichwani kama aliyeishika.

Kocha Gidi aliendelea kupaza sauti kwamba badiliko linaanza na wewe. Alikuwa amebaki na Prosper, mpiga kamera, na ndama mmoja. Mwishowe Prosper naye akaja mbio upande wetu, akilia wazi. Mgeni wa heshima alivua miwani akaifuta mara nyingi, kisha akasimama na kutangaza kwamba wazo lililogusa watu limejulikana, na wafadhili hawatasahau walichokiona. Vigelegele vilipigwa mpaka ng'ombe wakatawanyika. Milembe alibebwa juujuu, nywele zimefumuka, anacheka kama msichana. Usiku hakuna aliyelala kijijini, na mimi nilirudi Shinyanga nikiwa naamini, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile, kwamba hotuba imechimba kisima.

Lori lilikuja baada ya mavuno yaliyofuata. Tulikwenda nalo mimi, Prosper na Nkwabi. Kijiji kizima kilikuwa uani pa zahanati, na Milembe alikuwa ameshaweka alama ya chokaa mahali pa kuchimba. Prosper alipanda juu ya lori na maiki, akasema kwamba siku ile akina mama walituonyesha kwa ujasiri ndoo zao, ndoo kuukuu, ndoo zilizotoboka, ndoo zisizo na hadhi, na kwamba picha zile zimezunguka dunia nzima na kuwaliza wengi. Kisha akavuta turubai.

Lori lilikuwa limejaa ndoo.

Ndoo za buluu, mpya, zenye nembo ya shirika na maneno "Beba Tumaini". Watu walipiga makofi, maana nimeshawaambia kuhusu adabu. Milembe hakupiga. Alipanda lorini, akaanza kuondoa ndoo, moja baada ya nyingine, anazishusha chini, mpaka akafika kwenye bodi. Nilielewa baadaye kidogo anatafuta nini. Alikuwa anatafuta mabomba chini yake.

"Bwana Prosper," alisema. "Ndoo tunazo."

"Lakini hizi, mama," alisema Prosper, na alisema kwa moyo mweupe kabisa, "zina mfuniko."

Njiani kurudi, tulipofika Didia, Nkwabi akasema, "Mimi basi," na mwisho wa mwezi akaacha kazi. Ndiyo sababu hamkumkuta, na ndiyo sababu siku hizi wazungumzaji hawamalizi.

Milembe alilia siku nzima, halafu akachoka kulia. Akamfuata mwenyekiti, mkutano wa kijiji ukaitishwa, na kwa kauli moja wakakubaliana ndoo zipelekwe mnadani. Ndoo nzuri zenye mfuniko huku hazikai sokoni. Zikawa saruji, nondo na pampu ya mkono. Wa kuchimba walipatikana kwa mdogo wake, Masanja, anayechimba dhahabu upande wa Geita. Ilikuwa mvua, maduara yao, yaani mashimo ya dhahabu, yamejaa maji, wamekaa bure, akaja na wenzake kwa makubaliano ya ugali na nyama. Walichimba kama wanavyochimba duara, kwa magogo ya kuzuia kingo na kamba ya kupandishia udongo, wakiimba matusi mpaka ikambidi Milembe awafungie madirisha wagonjwa. Maji yalipotoka, Masanja alipandishwa juu amelowa mpaka kifuani. "Dada," alisema, "maisha yetu yote tukikuta maji tunayalaani. Leo ndiyo mara ya kwanza nayashangilia."

Ninyi mnajua kinachofuata mradi ukikamilika. Ofisini alikuja kijana wa tathmini, Festo, mwenye tableti na kofia. Akaenda kijijini, akatafuta ndoo, hakuona hata moja. Aliporudi alimwambia Prosper kwamba mali ya mradi haionekani, na inasemekana imeuzwa na nesi. Prosper akaumia kweli, akasema mama yule amemsaliti, na kwamba Festo atarudi kuhakiki, na ndoo zisipoonekana jambo hilo litapelekwa kwa mganga mkuu wa wilaya. Nilimweleza kuhusu kisima. Nilimweleza nikiwa nimekaa na nilimweleza nikiwa nimesimama. Alinijibu kwamba kisima ni jambo jema, ila halikuwa wazo lililoshinda.

Nilimpigia simu Milembe. "Wakinitoa hapa," alisema, "wataleta nani? Hapa hakai mtu, Mama Kulwa. Waliotangulia wote walikimbia. Nina wajawazito wa mwezi huu na wa mwezi ujao." Aliogopa, na mimi nilimwogopea.

Safari ya uhakiki ilikuwa ya mwisho kwangu kabla ya keki yenu. Niliomba kumsindikiza Festo, nikasema nakwenda kuaga. Tulipofika, Milembe alikuwa mlangoni na sare imepigwa pasi, uso umekaza, tayari kwa lolote. Festo aliegemeza begi lake kwenye pampu, akawasha tableti, akauliza ndoo ziko wapi.

Kabla Milembe hajafungua mdomo tukasikia wimbo barabarani. Nilimtazama, alikuwa ameshangaa kuliko mimi. Walikuja akina mama wa vitongoji vyote, mama yake Ng'washi mbele, na safari hii hakuwa mikono mitupu. Ndoo za plastiki zilizofifia, za bati, zilizozibwa kwa kandambili, madumu yaliyokatwa shingo, zote tupu, zimebebwa kifudifudi kichwani. Wakazitua uani, lundo likapanda mpaka likafikia dirisha.

Festo akaanza kuhesabu. Akahesabu, akafuta jasho, akahesabu upya.

"Mbona hazina nembo?" aliuliza.

"Imefutika, baba," mama yake Ng'washi alimjibu bila kupepesa. "Tumezitumia sana."

Festo aliandika hilo kwa furaha, akisema matumizi makubwa ni kiashiria kizuri. Mama mmoja mjamzito akasema jambo kwa Kisukuma, na wenzake wakacheka. Festo akaniuliza amesema nini. Nikamtafsiria neno kwa neno, "Anasema wazichukue tu hizo ndoo, siku hizi wanakuja kujifungua mikono mitupu."

Festo alishuka kwenye kioo cha tableti kwa kidole, akapanda, akashuka tena. "Hicho kipengele hakipo," alisema.

Idadi ilizidi ile iliyoletwa na lori. Kwa hiyo mradi umefaulu kupita lengo, na ndiyo maana mwaka huu mnapeleka ndoo Chato na Geita, na nyingine zimelundikwa pale stoo mnapowekea zulia. Milembe yupo kazini kwake. Ana ulimi uleule.

Festo alimaliza kazi, akazima tableti, akaitazama mikono yake iliyojaa vumbi la ndoo za watu, akaomba maji ya kunawa. Milembe akaliondoa begi lake kwenye pampu, akaliweka pembeni taratibu, akashika mpini mwenyewe. Maji yakaja kwa nguvu, meupe, ya baridi. Festo akanawa mpaka viwikoni, akanawa uso, akanywa, akasema maji yenu matamu, akapanda gari, wala hakuuliza yametoka wapi.